Dirisha Yenye Kukataa Macho

Kama unataka kujua wivu iko namna gani, jenga nyumba karibu na nyumba ya mudogo wako. Mimi ndiye nilijenga mbele. Yangu ilikuwa imesimama wakati fasi ya kwake ilikuwa bado shamba ya maharagi, na ni mimi nilimuonyesha mupaka. Lakini nyumba haiangalie nani alitangulia. Leo mutu akifika ku barabara yetu hapa Butembo na kuuliza kwa ukoo wetu, motari, mwenye kubeba batu na pikipiki, anamushusha kwa mudogo wangu, mbele ya yale madirisha.

Nizungumuze yale madirisha, juu bila yale hakuna habari. Vioo vya madirisha, sisi tunaitaka vitre, na vitre zake haziko kama za batu bengine. Ni zile za giza zenye kungaa. Muchana ukipita inje unajiona wewe mwenyewe, ndani hapana kuona kitu. Yeye akikaa ndani anakuona muzima, mupaka kifungo chenye kukosa ku shati. Donc nyumba inakuangalia, na wewe huwezi kuiangalia. Kila asubui nikienda ku misa nilikuwa nakutana pale na muzee moja mwembamba, koti imemupita mabega, na yule muzee ni mimi. Nilianza kupita ngambo ya barabara, kwenye matope, kusudi nisimuone.

Batu banasema wivu ni mambo ya banamuke. Hiyo ni uongo. Mimi nilianza wivu tangu masomo. Nilifika mwaka ya tatu ya primaire, baba akaniangalia mabega, akasema haya mabega ni ya jembe. Mudogo wangu hakuwa na mabega, basi akaenda kusoma. Akasoma, akasoma tena, akaanza kununua cacao kule Beni, mara ako Mulekera, mara ako Eringeti, wakati vita ilikuwa bado haijafunga njia. Akirudia, banamupokea kama Monseigneur askofu. Mimi nilikuwa nalima ile pesa ya masomo, lakini nani anakumbukaka jembe? Na tena si mutu mubaya. Hiyo ndiyo inaniumiza. Angelikuwa mubaya ningelimuchukia muzuri, mambo ingeisha.

Sasa mutoto wake mwanamuke akapata muchumba. Kwetu, bakwe wakija kuzungumuza mbuzi za mahari, hapana kuingia kwa baba ya binti. Banaingia kwa mukubwa wa baba yake. Baba ya binti anakaa pembeni, anakunywa chai yake, ni mukubwa ndiye anapokea, anakaa katikati, na zile mbuzi siku zikifika zinafungwa kwake. Mukubwa ni nani? Ni mimi. Niliposikia ile habari nilitembea siku nzima kama mutu aliyemeza taa.

Shangazi yetu, dada ya marehemu baba, mama muzee mwenye tunaogopaka bote, akakuja kukagua nyumba. Akapima viti kwa makalio yake, moja moja. Akaangalia mafagio. Kisha akasimama mbele ya dirisha ya salon, fasi ya kupokea bageni. Ile dirisha mvua ya mawe ilikuwa imevunja vitre yake, na mimi niliweka karton, alafu ile karton nikaizoea kama mutu wa nyumba.

Akaigonga na kidole. "Hii ni nini?"

"Ni karton, Shangazi."

"Naona ni karton. Ninauliza inafanya nini fasi ya vitre."

"Inakinga baridi."

"Bakwe watakuja kuona kama binti yetu anatoka ndani ya karton ya sabuni? Hapana. Jumamosi, juma ya posho, bataingia kwa mudogo wako. Kule kuna madirisha ya batu."

Muke yangu, aliyekuwa anachagua mchele, hakuinua kichwa, lakini niliona mikono imesimama.

"Shangazi," nikasema, "mukubwa ni mimi."

"Ukubwa yako iko na tundu. Upepo unapita."

Nikamuambia vitre itakuwa imewekwa mbele ya juma ya posho. Akacheka. Akasema kama itakuwa, itakuwa. Kama haitakuwa, bakwe batakunywa chai kwa mudogo wangu na mimi nitaenda kukaa pale kama mugeni. Akafunga kitambaa yake ya kichwa, akaenda.

"Basi piga telefone kwa mudogo wako," muke yangu akasema. "Umuulize nani alimuwekea zake."

"Nikufe kwanza."

"Haya. Kufa, lakini kabla ya juma ya posho, tusichanganye sherehe."

Butembo ni muji mukubwa. Duka za vitre ziko, si kidogo. Vitre zinatoka Kampala ndani ya majani makavu, zinasimama ku ukuta kama batoto ya masomo. Nilipima dirisha yangu na kamba, nikafunga mafundo, nikapeleka ile kamba katikati ya muji. Muchuuzi akaniangalia, akaangalia kamba.

"Muzee, sisi tunauzaka tu. Hatukate, hatuweke. Utafute vitrier."

Nikamuuliza vitrier ako wapi. Akasema ule aliyefanya nyumba ile, ya yule mununuzi wa cacao, ni fundi kabisa. Niliondoka bila kuaga. Nikaenda kwa seremala. Seremala akasema yeye anafanya mbao, mais kuna yule aliyeweka zile nyeusi kwa mutu wa cacao. Nikaenda kwa katekista, mutu wa Mungu, nikafikiri yeye ataniokoa. Akakunja mikono, akasema: "Si umuulize mudogo wako?" Franchement, nilisikia kama muji muzima umekaa chini kupanga namna ya kuniudhi.

Ni motari moja ndiye alinipa akili. Nilikuwa nimepanda nyuma yake, sijui tunaenda wapi, naye anaendelea tu juu essence, mafuta ya pikipiki, ninalipa mimi. Akageuza kichwa: "Mukubwa, vitrier hatafutwe na mudomo. Anatafutwa na mukono. Ile vitre inakulaka mafundi. Salimia batu, uangalie vidole."

Basi nikaanza kusalimia. Nilisalimia Butembo. Mutu nikimuona amekaa karibu na mbao ao musumari, namupa mukono, na sirudishe mbio, nageuza kidogo, naangalia. Nilisalimia muchinjaji, mukono umekatikakatika, nikafurahi bure. Nilisalimia mushona viatu. Nilisalimia soldat moja, askari wa kutoka mbali huko, sijui jimbo gani, na yeye akanishika kabisa, akaniuliza kwa Lingala kama ninatafuta shida ao ninatafuta ndugu. Nikasema ndugu. Akasema hana ndugu upande huu, lakini kama nina sigara anaweza kuanza kunizoea. Hiyo ilikuwa salamu ya bei.

Vitrier nilimupata kule Rughenda, upande wa kiwanja ya ndege, ku kibanda ya mama mwenye kuuza chai na mandazi. Kijana mwenye ndevu chache, kofia imegeuzwa nyuma. Nikamupa mukono. Vidole gumba vyote viwili vilikuwa na makovu meupe, nyembamba, zimepangana kama mistari ku daftari.

"Vieux, muzee wangu," akasema, "unanishika kama mbuzi wa kununua. Nitakupa meno pia uangalie?"

"Wewe ni vitrier."

"Nani alikuambia?"

"Vidole."

Akacheka mupaka chai ikamumwagikia ku suruali. Alitokea Beni, Mulekera. Nikamuuliza kwa nini ameacha Beni, kule kazi si inakuwa mingi, vitre zinavunjikavunjika? Akasema: "Kuvunjika, zinavunjika. Lakini mutu mwenye anawaza kukimbia, Papa, hanunue dirisha." Yule mama akatuongezea chai bila kuombwa.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya kile kibanda: meza moja yenye blanketi juu, na vitre zimesimama. Nikamuambia shida yangu. Akashika ile nyeupe ya kawaida, yenye kuonyesha ndani na inje, akasema hii itakuwa muzuri, nyumba itapata mwangaza.

"Hapana. Mimi nataka ile yenye kukataa macho."

"Ile ya hoteli?"

"Ile."

"Dirisha ngapi?"

"Moja."

Akakunja midomo. "Vieux, nyumba yenye dirisha moja ya vile ni kama mutu mwenye lunette, miwani ya jicho moja."

"Ni jicho yangu," nikasema.

Nilimuona anataka kucheka na anaogopa kupoteza kazi. Akatafuta nyuma kabisa, akatoa kipande kimebakia ku kazi ya hoteli, na Mungu ni mwema, mafundo yangu yote yakaenea. Akachovya kile kisu yake ya kukata ndani ya petroli, akaweka ubao, na pale pale ndege ndogo ikaanza kunguruma ku kiwanja. Akainua mukono. Vitre zote ndani ya karakana zikaanza kuimba, nyembamba, kama banamuke ya korali ya kanisa wakitafuta sauti. Tukangoja mupaka ndege ikaondoka. Kisha akavuta mustari moja, akagonga chini kidogo, na ile vitre ikaachana yenyewe, bila kelele.

Namna ya kuifikisha kwangu nitaikumbuka. Motari mbele, mimi katikati, fundi nyuma, na vitre imesimama ku mapaja yetu, imefungwa na magunia chini, juu iko wazi. Upepo ulikuwa unataka kutufanya ndege. Lakini batu! Batu bote pembeni ya barabara walikuwa wanajiona wakipita. Mama moja alirekebisha kitambaa. Vijana bakapiga kelele. Polisi ya barabara alitusimamisha, nikafikiri basi, imeisha. Kumbe alitaka kuangalia meno yake. Akajiangalia, akatuachilia. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nilimwambia motari apite mbele ya nyumba ya mudogo wangu, polepole.

"Si njia," akasema.

"Pita."

Tukapita. Vitre yangu ikaangalia vitre zake, na ndani yake kukawa nyumba, na ndani ya ile nyumba kukawa pikipiki yenye muzee na vijana, na tena nyumba. Nilisikia raha mbaya.

Fundi akaweka vitre, akafunga na vibao vidogo, akapaka mastic, ile gundi ya vitre, na kidole gumba yake, akafuta na karatasi ya gazeti. Muke yangu akatoka inje, akajiona. Akasimama pale kupita inavyofaa kwa kazi zake. "Nimezeeka," akasema. Ndiyo maneno yote aliyotoa, lakini nilimuona anarudi tena na tena, mara anatupa maji, mara anaanika nguo yenye imekauka.

Shangazi alikuja, akaona, akakohoa. "Haya," akasema. "Bataingia hapa." Mudogo wangu naye akaja kupanga viti. Akaangalia vitre, akaniangalia mimi, akatabasamu. "Yaya, mukubwa wangu, umefanya muzuri." Nikatafuta dharau ndani ya ile tabasamu, sikuipata, nikakasirika zaidi.

Juma ya posho bakwe bakafika. Bazee wao, mama zao, na musemaji wao, mutu mukubwa wa tumbo mwenye sauti ya mahubiri. Nikawaingiza. Nikakaa katikati. Mudogo wangu akakaa pembeni karibu na mulango, na kikombe yake ya chai, kama desturi inavyotaka, na mimi nilikunywa ile mambo kupita chai yenyewe. Musemaji wao akasifu nyumba. Akasema dirisha hii inaonyesha mwenye nyumba ni mutu wa kuona mbali. Nikamupenda.

Kisha ikafika saa ya sisi kutoka. Kwetu, bakwe wakitaja mbuzi zao, upande wa binti unatoka inje kujadiliana: tutakubali ngapi, tusishuke chini ya ngapi. Kile kiwango ya chini ni siri. Ukikitoa, umekwisha. Tulitoka, Shangazi, mimi, mudogo wangu, na mama zetu wawili wengine wa ukoo.

Mudogo wangu akanishika koti. "Yaya, twende nyuma, upande wa jikoni."

Sasa uone akili ya wivu. Mimi nikawaza: huyu hataki tusimame mbele ya vitre yangu. Ku jikoni kuna moshi na ukuta wa udongo, kule ndiko anataka kunipeleka, siku yangu!

"Hapa ni kwangu," nikasema. "Mimi ndiye naonyesha batu fasi ya kusimama. Tutasimama hapa."

"Yaya, lakini ile vitre..."

"Ile vitre imefanya nini?"

Shangazi na bale ba mama walikuwa bado banatoka ku mulango; akaona banakaribia kusikia. Mudogo hasahihishe mukubwa mbele ya banamuke. Akaachilia koti yangu.

Basi tukasimama pale pale, jua limepiga vitre, na sisi bote tuko ndani yake, tumependeza. Mama moja akachukua nafasi kufuta poda ku pua. Mwingine akageuka kuangalia namna kikwembe kinakaa nyuma. Shangazi, kwa sababu ni mutu wa siri, hakusema na mudomo. Aliinua mikono yake mbele ya kifua, akaonyesha na vidole: hizi. Kidole yake ya mwisho haijinyooshe, jembe iliivunja zamani, inabakia imeinama. Akatikisa ile mikono: hizi, chini ya hapo hapana. Mimi nikainua za kwangu, nikaongeza. Akanipiga ku mukono, akaonyesha tena zake. Tukapigana hivyo na vidole, bila sauti, na mwisho nikakubali. Mudogo wangu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mutaniuliza: muzee, hukujua kama mutu wa ndani anaona inje? Nilijua! Dirisha ni ya kuona inje, hata mbuzi anajua. Lakini ukisimama mbele ya kitu chenye kinakuonyesha sura yako tu, unasahau kama nyuma yake kuna batu wamekaa.

Tukaingia. Bakwe walikuwa wamekaa wamenyooka sana, kama batu ndani ya kanisa wakati mutu moja ameharibu hewa. Mama moja wa kwao alikuwa anafunika mudomo na kikwembe. Nikakohoa, nikaanza maneno yangu niliyopanga, kuhusu binti na thamani yake na maziwa ya mama yake. Musemaji akainua mukono.

"Bakwe yetu, tusichokeshane. Sisi tumeomba Roho Mutakatifu wakati mulikuwa inje, na ametuonyesha." Akainua mikono miwili mbele ya kifua, vilevile kabisa, na kidole ya mwisho akaiinamisha. "Mbuzi hizi. Na hii yenye kuinama, hii itakuwa kabuzi kadogo, kanaanza tu kukula majani."

Upande wao bote wakapasuka. Yule mama wa kikwembe alilia machozi. Shangazi akaangalia kidole yake. Mimi nikageuka, nikaona dirisha: inje pale, karibu sana, kuku yetu, muke yangu akipita na sahani, hata mvuke ya sahani. Cinema.

Tukakubali. Utakataaje? Tukakula, tukakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, bakwe bakaenda wakiimba, na mbuzi zitafungwa kwangu, ndiyo, siku ikifika. Lakini bakwe wakiisha kupotea ku kona, Shangazi akasimama katikati ya salon, mikono ku kiuno.

"Nani? Nani alitusimamisha mbele ya ile kitu?"

Nilikuwa na nyama mudomoni. Nilitafuna. Nilikuwa natafuta namna ya kusema.

"Ni mimi, Shangazi," mudogo wangu akasema. "Niliona pale kuna jua, na nyuma kuna baridi. Sikuwaza."

Na Shangazi, yule mwenye aliita ukubwa yangu tundu, akashusha mikono. "Eh, mutoto yangu," akasema. "Inafikaka. Umekula? Mupeni mutoto nyama." Na bale ba mama wote wakaanza kucheka, wakimupiga ku bega, na ikawa hadisi ya kuchekesha ya mudogo wangu, ile wanahadisia mupaka leo ku ndoa zote: siku mutu wa cacao alitusimamisha mbele ya dirisha. Ingelikuwa mimi, wangeliniweka juani mupaka Noeli. Nilitaka kupiga kelele, ni mimi, rudisha! Ni nyumba yangu, vitre yangu, ujinga ni yangu, hata hii unachukua? Lakini nyama ilikuwa ngumu, na wakati nilimeza, hakuna mutu alikuwa ananiangalia.

Wakati bote walikuwa wanakusanya viti, alikuja karibu yangu ku dirisha. Akapitisha kidole ku mastic, polepole, kona mupaka kona.

"Yaya, huyu mutu ako na mukono. Kwangu mastic imepasuka, mvua inaingia mupaka ku fauteuil, ile kiti ya salon, na yule aliyeniwekea amehamia Uganda. Nimetafuta mwingine muji muzima. Huyu ulimupata wapi?"

Nilimuangalia. Alikuwa anauliza kabisa. Mudogo wangu, mwenye kusoma, mwenye kununua cacao, alisimama ndani ya salon yangu akitaka kitu chenye niko nacho na yeye hana.

"Butembo ni kubwa," nikasema.

Akacheka, akangoja. "Yaya, niambie basi."

"Ni kubwa sana."

Ameniuliza tena wakati wa Pasaka, ameniuliza tena ku matanga ya jirani. Numero ya yule kijana iko ndani ya telefone yangu. Siku zingine namupigia tu kumuuliza kama amekula. Mudogo wangu ameweka beseni ku salon, nimeiona nilipoenda kumusalimia. Mimi nitamuambia, si leo. Mvua ikianza kupiga mabati, naisikiliza ikienda upande wa kwake, na nalala muzuri.